Vali ya Birika la Rachelina

Jumamosi, 2 Novemba 1985
Siku ya Marehemu. Nimempelekea marehemu mke wangu Rachelina maua na habari mbaya. Miaka yote majirani wa ngazi yetu walikuja kwetu Jumapili, baada ya misa, kunywa kahawa yake. Sasa wanapanda ghorofa ya nne, kwa Catello. Amenunua mashine ya umeme! Inanguruma kama pikipiki na kutoa povu. Povu! Jumapili iliyopita niliandaa vikombe saba. Nilijaza viwili, nikanywa vyote viwili.
Nimeapa kaburini: watarudi.

Jumapili, 3 Novemba
Nimetoa birika la kupindua la mama yangu. Maji yakichemka unazima moto, unalipindua, kahawa inachuruzika yenyewe taratibu. Nilitaka shemeji Nunziata, dada wa marehemu, aone ustadi. Sikukaza vishikio. Maji ya moto mezani, kwenye biskuti, kwenye suruali! Nunziata akauliza kama kahawa nainywa au naioga. Kisha akaomba radhi, Catello anamsubiri. Shemeji yangu mwenyewe!

Jumatatu, 4 Novemba
Upelelezi. Nilipanda kwa Catello kuazima chumvi. Akanipa kikombe. Kahawa nzuri. Sitaandika hivyo mara ya pili.
Siri nimeijua: mgandamizo. Mashine yake inasukuma maji kwa nguvu. Basi hata moka ya Rachelina, birika linalopandisha kahawa kwa mvuke, ina nguvu, ila ubavuni ina kile kivali kinachopumua mvuke. Nguvu zote zinapotelea hapo!

Jumatano, 6 Novemba
Nimeziba vali kwa gundi ya mafundi bomba. Ngumu kama jiwe. Nunziata akanikuta, akapiga ishara ya msalaba. Akasema kivali hicho ndicho kinachookoa watu. Rachelina alikisafisha chokaa kila mwezi, akajaza maji chini yake, akaweka kahawa bila kushindilia, akawasha moto mdogo.
“Miaka thelathini na moja ulikaa jikoni ukimtazama, Sabatino. Ulikuwa unatazama nini?”
Swali limenikaa kifuani mchana kutwa. Nilikuwa namtazama yeye. Birika sikuliona.
Hata hivyo, nimewaalika wote keshokutwa. Hata Catello. Hasa Catello.

Ijumaa, 8 Novemba
Naandika kwa mkono wa kulia, nashukuru Mungu ndio uliobaki.
Nilisaga kahawa laini kama poda, nikaishindilia kwa kitako cha glasi. Moto mkubwa. Birika likanyamaza kimya. Mwenye akili angeshtuka, mimi nikafurahi. Nilikuwa mlangoni nawafungulia Nunziata na Catello. Mlipuko! Kifuniko kimezama darini. Kahawa ukutani, kwenye taa, kwenye picha ya Mtakatifu Antonio. Nami nikakimbia kuokota birika kwa mkono mtupu.
Catello alinipita mbio, akafunga gesi, akanishika kifundo cha mkono na kuuweka chini ya bomba la maji baridi. Dakika ishirini hakuniachia. Alinitukana dakika zote ishirini.
“Ungetuua, we mzee! Kwa kikombe cha kahawa?”
Nikamwambia ukweli, kwamba amenichukulia watu wangu. Kisha akasema alinunua mashine kwa sababu, tangu astaafu, hakuna aliyepanda ngazi zile. Na kwamba mimi alinialika mara tatu.
Ni kweli. Mara tatu.

Jumanne, 12 Novemba
Mkono wa kushoto umefungwa bendeji, siwezi kukaza birika. Catello hushuka kila asubuhi na moka mpya. Maji chini ya vali. Kahawa bila kushindilia. Moto mdogo, na haondoki jikoni mpaka likorome. Akishazima haligusi kulifungua mpaka lipoe. Nunziata huja na mkate. Hatuongei mengi. Asubuhi zinapita.

Jumamosi, 16 Novemba
Daktari amesema nimepona, bendeji itoke. Msiba! Nikipona, nani atashuka?

Jumapili, 17 Novemba
Nimejifunga tena mwenyewe, mbele ya kioo. Kazi safi, hata hospitali wangeniajiri. Catello alipofika nikaguna, nikamwambia maumivu yamezidi. Akajaza maji, akakaza birika, akawasha jiko. Kisha akanitazama na kuuliza kidonda kimehamia lini mkono wa kulia.
Nunziata alicheka mpaka akashika meza. Hata mimi nilicheka, kwa heshima ya wageni. Catello akanifungua bendeji polepole, akaikunja, akanimiminia kikombe. Akasema kesho atashuka kama kawaida, nipone nisipone. Nunziata naye akasema atakuja, ila niache ujinga.
Maneno mazuri. Yalinigusa, sikatai. Lakini hiyo ni huruma tu, na huruma ya watu haidumu. Panahitajika mpango. Kuanzia kesho nachechemea.
Mguu gani, bado sijaamua.