Muhuri wa Kiazi

Mwezi wa kumi mwaka 1991, Léonce alikuwa ameegemea ukuta wa stendi ya Nyabugogo akitafuna muwa ambao hakuununua, alipoona godoro likishushwa kutoka juu ya basi la Kibuye. Lilikuwa godoro jipya, nene, bado limo ndani ya nailoni. Likafuatwa na blanketi mbili za sufu, sanduku la bati lililopakwa rangi ya kijani, na redio. Mwisho wa yote akashuka msichana mwembamba aliyeshika bahasha ya kaki kwa mikono miwili, kama mtu aliyebeba bakuli lililojaa maji.

Léonce akatema makapi. Bahasha ile aliijua. Kila mwaka mabasi yalimwaga pale vijana waliopewa pesa za buruse ya serikali kwenda kusoma chuo kikuu, na wote walishika barua zao namna ileile, kana kwamba upepo wa Nyabugogo hauna kazi nyingine ila kunyang'anya watu elimu.

Yeye Léonce hakusoma chuo kikuu hata siku moja. Alifanya mtihani mara mbili, mtihani ukamkataa mara mbili, naye akaamua kwamba mtihani una wivu. Lakini alikuwa na miwani ya kioo kitupu, na kitabu kikubwa cha sheria ambacho kurasa zake za katikati zilikuwa bado zimeshikana, hazijakatwa tangu kiwandani. Alikuwa pia na namna ya kukohoa kabla ya kusema aliyoiiba kwa mwalimu mmoja wa zamani. Kwa mtaji huo alikuwa ameishi mtaa wa Biryogo mwaka mzima, nyumbani kwa fundi cherehani Bi Zaituni, bila kulipia hata sahani moja ya wali.

Tusimhurumie sana Bi Zaituni. Alikuwa na binti wa kuoza, na alipomwangalia mpangaji wake hakuona kijana mwenye kola iliyochakaa. Aliona gari jeusi limesimama mlangoni na majirani wakichungulia. Kwa ajili ya gari hilo alimlisha maini. Ila wiki ile alikuwa ameanza kuchoka.

"Msomi gani wewe?" alimuuliza. "Huna godoro. Buruse yako mwaka mzima iko njiani kutoka Ubelgiji, inakuja kwa miguu? Na rafiki wa chuo sijamwona hata mmoja. Mpaka Jumapili nisipoona kitu, chumba nampa fundi mwenzangu."

Ndiyo maana Léonce alipoliona godoro lile, moyo wake ulilala juu yake papo hapo. Akavaa miwani, akabana kitabu kwapani, akakohoa.

"Pole na safari, dada. Wewe ni mpya wa chuo."

"Ndiyo, kaka. Umejuaje?"

"Sisi wakongwe tunajua. Mimi mwaka wa tatu, sheria. Unaitwa nani?"

"Mukabalisa." Alisema huku akiangalia vidole vya miguu yake.

"Mukabalisa, umeshaambiwa habari za kunyuzurwa?"

Msichana akashusha macho zaidi. Nani hajaambiwa? Siku kumi za mwanzo mwanafunzi mpya si mtu. Wakongwe humbwekesha mbele ya nguzo ya taa, humpimisha uwanja wa mpira kwa njiti ya kiberiti, na siku ya kumi humbatiza kwa ndoo ya maji ya matope. Hapo ndipo huanza kuhesabiwa kuwa binadamu. Léonce aliyaeleza yote hayo, na pale ukweli ulipomwishia aliongeza yake.

"Mwaka jana mmoja alilazimishwa kumposa mbuzi."

"Mbuzi akakubali?"

"Alikataa! Ndiyo aibu yenyewe."

Mukabalisa akaziba mdomo kwa kiganja. Léonce akadhani ni hofu.

"Lakini mimi nina huruma," akaendelea, "na wewe unafanana na dada yangu. Naweza kukubatiza mapema, leo hii, nikakupa cheti chenye muhuri. Ukikionyesha, hakuna mkongwe atakayekugusa."

"Nitoe nini, kaka?"

"Kutoa! Tumekuwa wafanyabiashara? Ni desturi tu. Mtoto wa ubatizo humwachia baba yake wa ubatizo vitu alivyokuja navyo."

"Vyote?"

"Bahasha baki nayo," alisema Léonce, kwa sauti ya mtu anayegawa shamba.

Mukabalisa alifikiri kidogo. "Vitakaa wapi? Kuna kufuli?"

"Kufuli mbili. Na mama mwenye nyumba ni mkali kama polisi."

"Basi sawa, baba."

Ilikuwa rahisi mno hata Léonce akamdharau. Buruse za serikali, aliwaza, wanapewa watu wa namna hii! Wale walimu wa mtihani wangeniona mimi sasa.

"Ila kuna jambo, baba," msichana akasema kwa aibu. "Wachukuzi wa hapa wanataka pesa, na zangu zimeishia kwenye basi. Nami kifua changu si kizuri."

Kwa hiyo mkongwe wa mwaka wa tatu wa sheria alijitwisha godoro kichwani, blanketi begani, sanduku mkono wa kulia na redio mkono wa kushoto, akaanza kupanda mlima wa Kimisagara. Kitabu cha sheria alikibeba Mukabalisa. Mvua ya rasharasha ilikuwa imelainisha udongo, na mara mbili msomi alipiga magoti bila kusali.

Tangu vita vianze mpakani mwaka uliopita, barabara ile ilikuwa na kizuizi. Askari mmoja aliyeboeka akainua mkono.

"Godoro iko ya nani?"

Léonce akainamisha uso chini ya godoro. Kitambulisho alikuwa nacho. Kadi ya mwanafunzi ndiyo alikuwa bado hajaibuni.

"Yangu, afande," Mukabalisa akajibu, akitoa barua yake. "Mimi mwanafunzi wa chuo. Huyu mchukuzi wangu."

Askari akamtazama mchukuzi aliyevaa miwani. "Siku hizi hata wachukuzi iko na macho mabovu. Pita."

"Umejibu vizuri," Léonce alinong'ona walipovuka, akimeza ile *mchukuzi* kama kidonge cha kwinini.

Biryogo, Bi Zaituni aliacha cherehani ikizunguka yenyewe. Godoro! Redio! Na mwenzake wa chuo, tena mwenye barua halisi ya serikali! Aliipapasa barua ile kama kitambaa cha kushona, akitafuta kama imechanganywa na nailoni.

"Buruse imefika, mama," alisema Léonce akijipangusa jasho. "Nimenunua vitu vichache. Huyu ni mdogo wangu wa chuo, kanisindikiza."

Ikaletwa chai ya iliki, chapati na mishikaki. Léonce akaenda chumbani kutengeneza cheti. Muhuri aliuchonga kwenye nusu ya kiazi. Alikusudia simba, akatoka mbwa mwenye mimba, lakini wino ulikuwa mzuri. Aliporudi alimkuta Mukabalisa jikoni akisuuza vikombe na kumnong'oneza Bi Zaituni jambo. Anashukuru chai, Léonce alifikiri. Watoto wa Kibuye wana adabu.

Bi Zaituni alitoka jikoni na uso mwingine. Alikokota godoro, blanketi, sanduku na redio mpaka chumbani mwake mwenyewe, akafunga, na ufunguo akautumbukiza kifuani.

"Mama, godoro langu..."

"Vitu vya msomi havikai chumba chenye dirisha bovu. Utavipata baada ya siku kumi."

Kwa nini kumi? Léonce hakuuliza. Mtu anayejiona mjanja kuliko mji mzima hana muda wa kuuliza maswali ya wajinga. Alimkabidhi Mukabalisa cheti, akambariki kwa vidole viwili, akamsindikiza mpaka barabarani. Kitabu cha sheria kilibaki kwapani mwa msichana, na Léonce hakukumbuka kukidai. Tangu lini alikihitaji?

Siku zilizofuata zilikuwa za ajabu. Alilala mkekani palepale alipolala siku zote, akisikiliza redio "yake" ikiimba upande wa pili wa ukuta. Mchana alikaa kwenye kizingiti cha mlango wa Bi Zaituni asibanduke, maana alikuwa amempata mnunuzi wa redio, na alihofia mtu mwingine asije akaitamani. Akipita muuza ndizi, anamkodolea macho. Akija shangazi wa Bi Zaituni, anamsindikiza mpaka nje. Maini yalikuwa yamegeuka mchuzi, mchuzi ukageuka maharage, na binti wa nyumba aliacha kumsalimia. Hayo yote aliyaona, akayaweka katika hesabu ya hali ngumu ya nchi.

Siku ya kumi, saa nane mchana, Mukabalisa aliingia. Alikuwa na matope makavu kwenye nywele na tabasamu dogo. Nyuma yake walikuja vijana wawili. Wa mbele, Évode, kiongozi wa wakongwe wa chuo, ilibidi ainamishe shingo ili apite mlangoni.

"Shikamoo, mama," Mukabalisa akamwambia Bi Zaituni. "Nimebatizwa. Nimekuja kuchukua vitu vyangu."

"Marahaba, mwanangu. Vipo vyote. Redio nimeisikiliza kidogo."

Bi Zaituni akautoa ufunguo kifuani. Léonce akaruka kutoka kwenye kizingiti. "Vitu vyake? Mama, huyu tulikubaliana! Desturi ya chuo..."

"Desturi ya chuo naijua, baba," alisema Mukabalisa kwa upole uleule wa Nyabugogo. "Kaka yangu alipika jikoni mwa chuo miaka tisa. Siku kumi za kunyuzurwa, mpya akifika na godoro, mkongwe analichukua analilalia hadi mwisho wa mwaka. Blanketi vilevile. Redio ndiyo usiseme. Akishabatizwa, haruhusiwi kuguswa tena. Akina mama wa kwaya yetu walichanga miaka miwili kununua vitu hivi. Nilikuwa nashuka kwenye basi nikijiuliza nitavificha wapi na nani atanibebea. Ndipo ulipokuja ukakohoa."

"Aliniambia jikoni siku ileile," Bi Zaituni akaongeza.

"Na hukunifukuza?"

"Nikufukuze kwa nini? Ningepata wapi mlinzi wa kukaa mlangoni mchana kutwa kwa maharage?"

Léonce akamgeukia Évode, akajaribu kukohoa. Kikohozi hakikutoka.

"Na cheti chake hakikuwa kibaya," Mukabalisa aliwaambia wenzake, akikikunjua. "Nilikionyesha siku ya kwanza."

"Kibaya!" Évode alicheka mpaka cherehani ikatikisika. "Kila jioni tulimpandisha juu ya meza atusomee. 'Kwa mamlaka niliyopewa na wakongwe wote wa dunia.' Na yule mbwa mwenye mimba! Wenzake walibweka, yeye alisoma. Sasa tumemfuata aliyepiga muhuri. Mzee, wewe ni wa mwaka gani?"

Léonce alipima haraka. Akisema ni mkongwe, watamuuliza jina la mwalimu mmoja tu. Akisema si mwanafunzi, kuna muhuri wa bandia na kuna kizuizi cha askari chini ya mlima. Akatafuta mlango wa tatu, na kwa akili yake yote ile, akauona.

"Mimi..." alisema kwa sauti nyembamba, "mimi ni mpya."

Macho ya Évode yakawaka kama ya mtoto aliyeletewa keki. "Mpya! Na hajanyuzurwa bado! Bebeni... hapana, msibebe. Mpya, jitwishe."

Bi Zaituni hakungoja msafara ufike barabarani. Alikuwa ameshamshika Mukabalisa mkono. "Mwanangu, Jumapili uwe unakuja kula hapa. Chumba kimepatikana. Na nina kijana wangu wa kiume, hajaoa, sijui kama ulimwona..." Gari jeusi lilikuwa limegeuza mwelekeo tu; bado lilikuwa linakuja mlangoni kwake.

Hivyo ndivyo Léonce alivyoanza mwaka wake wa kwanza chuo kikuu, miaka mitatu baada ya mtihani kumkataa mara ya pili. Jioni ile alikuwa amepiga magoti kwenye mstari wa uwanja wa mpira, njiti ya kiberiti mkononi, wakongwe arobaini wamemzunguka. Alikuwa amefika njiti ya elfu moja na mia sita alipopiga chafya, akasahau hesabu, wakamrudisha golini.

Pembeni ya uwanja, Mukabalisa alikuwa amekaa juu ya godoro lake, redio ikiimba taratibu. Buruse yake ilikuwa ya sheria, na vitabu vilikuwa haba. Akatoa wembe kwenye sanduku la kijani, akafungua kile kitabu kikubwa katikati, akaanza kukata kurasa moja baada ya nyingine, akisoma.