Tezi Iliyojificha na Peremende ya Kunata

Jumatatu, 3 Novemba
Nimelazwa tena. Kitanda cha dirishani kimeshachukuliwa na Dada Maeng, mgonjwa wa mawe ya figo. Kanizidi umri, kwa hiyo nimeinama na kutabasamu. Moyoni nimenuna.

Daktari Eum kasema kijitezi changu kimoja kinafanya kazi kupita kiasi: kinanyonya kalsiamu ya mifupa na kuimwaga kwenye damu. Mwaka jana walinipasua shingo wakakikosa. Safari hii, bila picha ya kilipojificha, hakuna kisu. Nami nilivunjika mkono kwa kufungua tu mtungi wa kimchi, kabichi yetu ya kuchachusha! Mjukuu yuko njiani, nataka kumbeba mgongoni. Naogopa.

Jumanne, 4 Novemba
Kesho picha. Leo ni siku ya kuzaliwa ya Dada Maeng, eti. Mkwewe kaleta supu ya mwani, ile ya siku ya kuzaliwa, kwa chumba kizima. Mwani! Mkesha wa kipimo! Mwani unateleza, na anayeula kabla ya mtihani huteleza naye akafeli. Hila tupu. Nikakataa. Dada Maeng kaniuliza mbele ya wote kama tezi yangu inaomba nafasi chuo kikuu. Wakacheka. Nikanywa kwa aibu. Bakuli la pili nikanywa kwa utamu.

Nimemwagiza binti yangu peremende za kunata, zile za watahiniwa, ili ufaulu unigande.

Jumatano, 5 Novemba
Nilibandika moja kisogoni, chini ya fundo la nywele, na karatasi yake ya kung'aa. Akili hizo! Mtu wa mashine akauliza kama nina chuma chochote mwilini. Nikasema sina. Peremende si chuma.

Jioni Daktari Eum kaja kavimba. Picha ina michirizi shingo nzima; kumbe karatasi ile ni ya bati. Kaniuliza, kwa adabu sana, kama tezi yangu imehamia kwenye nywele. Tutarudia Ijumaa; nikiharibu tena, nafasi yangu ya upasuaji atapewa mwingine. Nimelia. Dada Maeng kanipa kitambaa, kasema pole mdogo wangu, heri ungeteleza tu.

Ijumaa, 7 Novemba
Kimeonekana! Hakikuwa shingoni kabisa. Kimejibanza kifuani, nyuma ya mfupa, ukubwa wa punje ya haragwe. Nimemkumbatia Dada Maeng. Kadai supu yake ndiyo iliyokitelezesha kikashuka. Mwongo! Ni peremende.

Jumapili, 9 Novemba
Upasuaji kesho. Nesi kakagua nywele zangu zote, mpaka nyuma ya masikio. Sina kitu, nimeapa.

Anacho Daktari Eum, mfukoni mwa koti. Nilimtilia peremende alipoinama kunisikiliza moyo.