Mwenzi wa Kwenda Ubundu

Jumatatu, tarehe 7 Aprili

Nimepata wazo. Kubwa. Leo mbele ya auditoire, ukumbi wetu wa masomo, Aurélie amesema atakwenda kwao Ubundu kwa Pasaka, na kwamba safari iliyopita alibanwa kwenye pikipiki na mtu aliyemsimulia ugonjwa wake wa tumbo tangu asubuhi hadi jioni. Wote wamecheka. Mimi nimefikiri.

Nitatengeneza programu ya simu. Mwanafunzi anajaza anakokwenda, anajibu maswali juu ya tabia zake, programu inamtafutia mwenzi wa safari anayefanana naye. Faida kwa wanafunzi wote wa Kisangani. Kwamba itanipa Aurélie, hilo ni jambo la pembeni.

Lukumani, tunayekaa naye benchi moja, amesema mtu akitaka mwenzi wa kwenda Ubundu anasimama tu kivukoni na kuuliza. Na huyu anasoma informatique, mambo ya kompyuta!

Jumatano, tarehe 9

Maswali yamekamilika. Unalala mdomo wazi? Ukila kwanga ya muhogo na samaki njiani, unagawa? Unapenda maongezi au kimya? Unazima simu ili kutunza chaji?

Umeme hakuna kutwa. Nimepeleka ordinateur, kompyuta yangu, kwa Mama Virginie anayechaji simu za watu kwa jenereta yake. Ameiweka juu ya friji ya samaki. Sasa inanuka mpaka vidole vyangu.

Nimeongeza agizo dogo ndani ya programu: kila anayekwenda Ubundu na anayependa kimya, apewe mimi. Baada ya yule wa tumbo, Aurélie atachagua nini kingine? Mimi sina mtu Ubundu. Nyumbani nimesema nina utafiti.

Ijumaa, tarehe 11

Balaa. Ubundu nzima inapenda kimya. Nimepewa masista wawili wa mwaka wa pili, Sefu wa kilimo anayesafiri na bata wake, na Papa René.

Papa René ni mwalimu wa miaka mingi aliyerudi masomoni na mvi zake. Mke wake yuko Ubundu, karibu kuzaa, mtoto wa kwanza baada ya kungoja muda mrefu. Amenishika mkono kwa mikono miwili akamshukuru Mungu kwa vijana wanaofikiria wenzao. Nimetazama viatu vyangu.

Aurélie amechagua maongezi! Anasema anapenda sana kuongea, ila yule wa tumbo hakumpa nafasi. Programu imempa Lukumani, aliyejaza kwa mzaha tu. Eti naye ana nyanya yake Ubundu. Kila mtu ana mtu Ubundu isipokuwa mimi.

Jumamosi, tarehe 12

Nimeingia tena ndani ya programu. Lukumani ataambiwa akutane na mwenzake kwenye barabara ya Bengamisa, kaskazini, kupita daraja la Tshopo. Njia ya Ubundu inaanzia ng'ambo ya mto mkubwa, upande mwingine kabisa. Angoje huko mpaka achoke. Mimi nitatokea kivukoni kama kwa bahati, mfuko mkononi.

Jumatatu, tarehe 14

Kivukoni. Aurélie yupo. Lukumani yupo! Ujumbe hakuufungua hata. Masista na Sefu waliufungua, wakashangaa, wakampigia Lukumani, naye akamwambia Aurélie. Donc, yaani, agizo langu halikumhamisha Lukumani peke yake. Limewahamisha wote wa Ubundu.

Aliyetii ni Papa René tu. Simu yake imezimwa ili kutunza chaji. Na jana, Sefu akasema, alipata habari kwamba mke wake ameanza kusikia maumivu.

Aurélie amesema lazima mtu aende kumchukua. Wote wamemgeukia mwenye programu.

Mtumbwi wa mota umeondoka nao. Lukumani amenipungia mkono, tena kwa upole, ndio unaoniudhi. Nimepanda toleka, baiskeli ya abiria. Mnyororo wa baiskeli umekatika darajani, nikakimbia. Papa René alikuwa amekaa barazani kwa duka, tangu alfajiri, na beseni jipya la kuogeshea mtoto magotini.

"Nilijua utafika, mwanangu," amesema. "Programu ilisema nitapata mwenzi."

Ningependa anitukane.

Jumanne, tarehe 15

Ubundu, hatimaye. Pikipiki moja: dereva, Papa René, mimi nyuma, beseni kichwani kwangu kwa sababu ya mvua. Nilikuwa na hofu juu ya yule mama, nikatamani kuongea, hata juu ya tumbo. Papa René amenikumbusha kwa adabu kwamba sisi wawili tulichagua kimya.

Tulipofika, nyumba imefungwa. Papa René ameushika mlango akaita jina la mke wake. Jirani akatuelekeza maternité, hospitali ya uzazi. Kumbe Aurélie na Lukumani walipita kumpa mke wake habari za kuchelewa kwake, wakamkuta peke yake, hali mbaya, wakampeleka kwa pikipiki yao. Muuguzi amesema wangechelewa kidogo tu, isingekuwa hivi.

Mtoto wa kiume. Mama mzima. Papa René amelia mbele ya watu wote, beseni kifuani. Mimi nilikuwa na vumbi machoni, ingawa mvua ilikuwa inanyesha.

Kisha amempa mtoto jina. Lukumani! Mkatoliki safi, mwimbaji wa kwaya, mtoto wake Lukumani. Kwenye ubatizo nimealikwa. Nitakaa benchi ya nyuma.

Alhamisi, tarehe 17

Lukumani amechungulia ndani ya programu, akamweleza Aurélie yote kuhusu agizo langu. Nilijiandaa kwa matusi. Aurélie amenikuta ninaosha matope kwenye suruali, akatazama kwanza, akasema:

"Merdi, ungeniuliza tu. Ningekuja na wewe."

Nimekaa chini kufikiri. Ana haki. Taabu yote hii, na beseni, na Papa René mlangoni, ni kwa sababu ya swali moja ambalo halikuulizwa. Mtu akitaka kitu, aulize wazi. Nimeelewa sasa.

Kwa hiyo nimeanza programu mpya. Unaandika swali lako, inalipeleka kwa unayempenda bila kutaja jina, kisha inakadiria jibu lake kwa asilimia. Ubundu réseau ya simu ni ya shida, lakini maswali ya kwanza yameshakaa vizuri.

Aurélie amekaa hapa barazani kwa Papa René, karibu kabisa nami, anamenya ndizi. Sasa hivi ameuliza kama nina neno la kumwambia.

Nimemwomba angoje. Imebaki kidogo tu.