Mfumo Mpya wa Mabwawa Sita

Jumatatu, 9 Juni

Hili sijamwambia mtu. Kila binamu yangu Shih-lun anaposifiwa mezani, mimi huenda chooni nikafungulia bomba mpaka sifa ziishe. Jana maji yalimwagika dakika kumi na moja. Babu akauliza kama naharisha. Nikasema ndiyo. Sasa napewa uji mweupe tu, siku tatu.

Sifa zenyewe: Shih-lun anasoma uhandisi mjini Hsinchu, na ndiye aliyefunga vibodi (si vya kuchapia, ni vikompyuta vidogo ndani ya masanduku) kwenye mabwawa yetu sita ya kufugia samaki aina ya mwatiko. Kibodi hupima hewa iliyomo majini, kisha huamuru magurudumu yazunguke na kuchapa maji ili samaki wapumue. Kikiwashwa, kioo chake huandika: KAZI YA SHIH-LUN. Mara sita!

Nimeamua. Nitapika mfumo wangu mwenyewe, yaani programu nzima inayoendesha vibodi. Sababu ya heshima: maonyo yote huja kwa Kichina, na Kaka Tho, mfanyakazi wetu kutoka Vietnam, hasomi Kichina. Hunipigia simu nimsomee. Mama ni wa kwao, kwa hiyo nimesomeshwa lugha zote mbili. Sababu nyingine: KAZI YA CHIEH.

Jumanne, 10 Juni

Kibodi ni dhaifu, hakiwezi kujipikia. Mfumo mzima hupikwa kwenye kompyuta yangu, nikitaja aina ya chipu ya kibodi, ndipo upelekwe huko. Nilikwenda bwawa la kwanza, nikanakili aina iliyoandikwa. Kupika kumechukua saa nne. Chumba tanuri.

Nikaujaribu papo hapo kwenye kompyuta. Unakwenda! Kila onyo, lugha mbili, bila kukwama.

Shih-lun kaniandikia (mdomo wa Mama huo!) kwamba masanduku yake nisiyaguse, vibodi vinafanana lakini si vyote sawa. Wivu mtupu. Nimemjibu kwa picha ya sungura anayeinama.

Jumatano, 11 Juni

Nimeuweka bwawa la kwanza. Jina langu liliwaka. Nililitazama mpaka mbu wakanimaliza miguu.

Kaka Tho alisoma onyo mwenyewe, kwa sauti, kama mtangazaji wa redio. Akacheka. "Chieh, mdogo wangu, leo umefukuzwa kazi! Sikuhitaji tena!" Babu akauliza kinachochekesha. Nikamweleza. Akasema samaki hawasomi.

Yamebaki matano. Shih-lun anakuja Jumamosi. Lazima akute jina lake limefutika kote.

Alhamisi, 12 Juni

Saa sita na nusu, usingizi wa mchana shuleni. Darasa zima vichwa mezani. Simu nimeificha kwenye mkono wa sweta. Nikatuma mfumo mabwawa matano kwa mpigo. La pili na la tatu yakajibu. La nne, la tano, la sita kimya. Nikasema mtandao tu huo. Kengele. Mtihani wa hesabu.

Saa tisa, ujumbe wa Mama: rudi nyumbani.

Hakukuwa na upepo. Mawingu, joto la kunata. Magurudumu ya mabwawa matatu yalisimama na hakuna onyo lililolia, kwa sababu kibodi kinachotakiwa kulia ndicho kilichokufa. Tho naye alikuwa amelala, kama wote walalavyo saa hiyo. Kilichomwamsha ni ule ukimya. Aling'oa nyaya, akaunga umeme kwa mikono yake. Kiganja cha kulia kimeungua. Bwawa la nne limepona.

La tano na la sita ni meupe. Matumbo juu. Tumewatoa kwa nyavu hadi giza likaingia.

Ijumaa, 13 Juni

Nimejua kosa. Baada ya tufani la mwaka juzi Babu alinunua vibodi vipya vitatu vya bei nafuu, vya bwawa la nne hadi la sita. Rangi ile ile, ukubwa ule ule, chipu tofauti. Kwavyo mfumo wangu ni kelele tu. Na jaribio langu? Kompyuta yangu ina programu ya kutafsiri, niliiweka mwenyewe mwaka jana nikasahau. Ikikutana na mfumo wa chipu ya kigeni huutafsiri kimyakimya. Kwangu kila kitu hukubali!

Jioni Babu akaniita nitafsiri. Yeye upande huu wa meza, Tho upande ule, bendeji mkononi. Babu akasema: mwambie alilala, samaki wangu wakafa, Jumatatu wakala aliyemleta anakuja kumchukua. Nikasema kwa Kivietinamu, neno kwa neno.

Tho akanitazama mimi, si Babu. "Mwambie Babu onyo halikuja. Chieh, wewe unajua vile visanduku. Si unajua?"

Babu akauliza anasemaje.

Nikasema anaomba radhi.

Jumamosi, 14 Juni

Shih-lun amefika. Kafungua sanduku la tano, kanusa, kauliza nani aligusa. Nikasema mfumo hujisasisha wenyewe siku hizi. Akasema sawa, kesho asubuhi atasoma kumbukumbu za vibodi vyote, maana huandika kila anayeingia.

Kumbukumbu! Lakini nina mpango. Nimepika mfumo mwingine, unaofuta kila kitu na kuanza upya. Safari hii nimetaja chipu ya bwawa la sita. Sina muda wa kupika mara mbili. Nimeujaribu kwenye kompyuta yangu: unakwenda vizuri ajabu. Nitautuma mabwawa yote sita kwa pamoja. Haraka, safi.

Na la Tho nimelimaliza pia. Mchana aliniomba nimwandikie Babu barua kwa Kichina, kwamba onyo halikuja. Nimeandika nzuri zaidi: kwamba alilala, anajuta, haitatokea tena. Babu hulainika mtu akikiri. Huenda akambakiza! Tho atatia sahihi tu, hasomi Kichina. Siku moja atanishukuru.

Nabonyeza. La kwanza kimya. La pili kimya. Mtandao tu huu.

Nyayo kwenye ngazi. Kandambili za Tho, amekuja kuchukua barua. Daftari chini ya godoro, upesi!