Mimi Nilikuwa Abiria

Jumatatu, 3 Machi
Jana niligonga nguzo ya taa kwa gari. Nilikuwa natafuta stesheni ya redio. Shingo haigeuki, na mimi kinyozi! Mke wangu, aliyekaa kando yangu, analalamikia goti. Kidogo tu.

Jumanne, 4 Machi
Nimesoma bima ya gari. Abiria akiumia, anatibiwa. Dereva akiumia, shauri yake! Shemeji, kaka wa mke wangu, mtu anayesoma hata karatasi ya dawa ya mbu, alinishauri mwaka jana nimkatie dereva naye bima. Nilimwambia aangalie yake. Lakini nina akili. Kwenye fomu nimeandika kwamba mke ndiye aliyeendesha. Mimi nilijikalia zangu. Aliuliza anasaini nini. Nikamwambia karatasi za kawaida. Akasaini, mkono mwingine umeshika barafu gotini.

Ijumaa, 7 Machi
Shingo imekubaliwa! Nimekandwa mara mbili. Nimepita mbele ya shemeji nikigeuza kichwa huku na huku.

Jumamosi, 8 Machi
Daktari kasema kitu kimechanika ndani ya goti. Asipopasuliwa atachechemea maisha yake yote. Mke wangu kanituliza mimi! Kasema nisihangaike, yeye alikuwa abiria, bima ipo. Nimetoka nje kufagia ua. Haukuwa na taka.

Jumatatu, 10 Machi
Kwa karani wa bima. Nimesema fomu ina kosa dogo. Kauliza, kwa upole wa kutisha, kama nakiri udanganyifu, maana hapo bima yote inafutwa, shingo na goti. Nimesema nitafikiria. Mkandaji kaniambia shingo imepona tangu Ijumaa.

Jumanne, 11 Machi
Shemeji kaikuta nakala ya fomu mezani. Kaisoma yote. Hakunitukana, afadhali angenitukana. Kamchukua dada yake. Mke wangu kashuka ngazi kwa makalio, kidato kimoja kimoja, na mkono wangu kaukataa. Nimeona aibu mpaka masikio yakawaka.

Jumatano, 12 Machi
Nyumba kimya. Nimewanyoa vibaya wateja wawili. Lakini nimepata dawa! Gari la shemeji lina bima kubwa, inatibu kila aliyemo. Kinachotakiwa ni agonge kitu kidogo tu, mke wangu akiwa ndani. Kesho nitamfuata nimweleze. Fomu nitamjazia mimi mwenyewe, sasa nina uzoefu.