Msamaha wa Kodi wa Baba Mkwe

Jumatatu, 2 Machi 1998. Moroni.
Tangazo limebandikwa mlangoni mwa ofisi ya kodi. Nyumba za askari wastaafu na familia za wanajeshi zimesamehewa kodi ya majengo, mradi fomu zifike kabla ya Jumatatu ijayo saa sita mchana. Alhamdulillahi! Mjazaji fomu bora Moroni nzima ni mimi, Mouzaoir. Meza yangu iko nje ya ofisi hiyo hiyo mwaka wa sita sasa. Meza ya pili ni ya Moindjié. Sitaki kumtaja zaidi, nisijiharibie siku.

Tatizo dogo. Mke wangu Sittina alinipa pesa za kodi ya nyumba yake tangu Januari. Nikanunua taipureta. Ningefanyaje? Moindjié anayo! Yangu haina herufi e, na Kifaransa bila e ni taabu tupu, lakini kwa mbali inapendeza. Kodi haijalipwa, Sittina hajui. Lakini baba yake, Mzee Daoud, alipigana Indochina katika jeshi la Wafaransa. Msamaha huo hapo! Akili ninayo, wallahi.

Jumanne, 3 Machi.
Fomu inauliza jina la mwenye nyumba. Hapo nikakwama. Kwetu nyumba ni ya mwanamke. Mwanamume huingia na sanduku lake, na mambo yakiharibika hutoka nalo. Sasa askari gani mstaafu ana nyumba? Walioitunga fomu hii hawajawahi kuoa kwetu. Nikaandika: Daoud. Kwani si yeye aliyeijenga? Ni kwenye karatasi tu.

Moindjié anamuuliza kila mteja nyumba ni ya nani, kisha anafunua ukurasa wa pili na kuusoma polepole kwa kidole. Na watu wanapanga foleni kusubiri kidole hicho! Mimi ukurasa wa kwanza unanitosha.

Inatakiwa saini ya mzee, naye anaishi Mutsamudu, kisiwa cha jirani, kwa mke wake wa pili. Nimemwambia Sittina nakwenda kumjulia hali baba yake. Akafurahi, akakesha akimpikia vitumbua. Roho iliniuma kidogo. Ikapita.

Alhamisi, 5 Machi. Mutsamudu.
Nimetapika melini njia nzima. Vitumbua vimeliwa na abiria wenzangu, nilikuwa sina nguvu ya kuvitetea. Kisiwa hiki kimejitenga na sisi tangu mwaka jana, na bandarini wenye bunduki wakanihoji saa mbili nzima. Nimetumwa na serikali ya Moroni? Nikasema nimetumwa na kodi. Wakanionea huruma, wakaniachia.

Mzee Daoud macho yamefifia. Nikamwambia ni karatasi ya haki zake za uaskari. Akaniita mwanangu, akasema binti yake amepata mume, akatia saini bila kusoma. Aliyesoma ni mkewe, Bi Zoubeida, mwalimu mstaafu. Alisoma mara mbili. Kisha akaniuliza, kwa upole mno, kama anaweza kupata nakala yenye muhuri. Bila shaka! Hatimaye mtu anayethamini kazi yangu. Nikazipeleka zote mbili ofisini kwao, zikapigwa muhuri mkubwa wa buluu, mpya kabisa.

Jumatatu, 9 Machi. Moroni.
Msiba! Karani ameitazama fomu, akaita wenzake, wakaitazama wote. Akasema akipokea muhuri huu atakuwa ametambua kujitenga kwa kisiwa kizima, na yeye mwenyewe hajalipwa mshahara miezi mitano, hawezi kubeba jambo kubwa namna hiyo bure.

Fomu za Moindjié zimepita zote. Eti ukurasa wa pili unasema mke, mjane au binti wa askari naye anasamehewa, nyumba ikibaki kwa jina lake. Inatakiwa nakala ya kadi ya uaskari tu. Kadi ya Mzee Daoud iko kwenye droo ya Sittina, nimeiona mara mia! Ilikuwa saa tano. Moindjié akajitolea kunijazia, bila malipo, mbele za watu. Niandikiwe na Moindjié? Nikamwambia nina haraka, nikaenda kunywa chai mpaka saa saba.

Jumatano, 11 Machi.
Asubuhi amebisha hodi kijana mwenye godoro kichwani. Nadjim, mtoto mkubwa wa Bi Zoubeida. Ana adabu sana. Akasema mama yake amemtuma akae katika nyumba ya baba yao, maana sasa imeandikwa, na wadogo zake wawili watakuja na meli ijayo. Akauliza achukue chumba kipi. Akatoa nakala.

Sittina akasoma. Nilitegemea atapiga kelele. Hakupiga.

"Baba Chifa," akasema, "sina kitu kingine duniani ila nyumba hii. Ndiyo nitakayomwachia binti yetu Chifa. Nawe umempa mtu mwingine ili unifiche taipureta."

Kumbe taipureta aliijua tangu Januari!

Akajitanda shiromani yake, akaenda kwa kadhi. Moindjié alimwandikia barua. Kadhi akasema hati ya zamani ndiyo hati, karatasi yangu ifungiwe sukari. Jioni sanduku langu lilikuwa nje ya mlango. Nadjim alinisaidia kulibeba hadi barabarani, kisha akarudi kula. Nililia kidogo. Vumbi lilikuwepo pia.

Ijumaa, 13 Machi. Itsandra.
Niko kwa dada yangu Roukia. Amenipa mkeka na maneno mengi. Nimewaza tangu sala ya Ijumaa, na kosa langu nimeliona wazi: nilimtegemea askari wa mtu mwingine. Mimi mwenyewe je? Nimevuka bahari wakati wa mgogoro. Nimehojiwa na wenye bunduki. Nimepoteza chakula chote njiani. Kama huko si kutumikia jeshi, ni nini?

Roukia naye anadaiwa kodi, maskini. Nimechukua fomu mpya. Muda umekwisha, najua, lakini karani asiyelipwa miezi mitano hakosi kunielewa. Askari mstaafu: Mouzaoir. Mwenye nyumba: Mouzaoir. Ni kwenye karatasi tu. Roukia yuko sokoni, nitamweleza akirudi.