Siku Ngezi Ilipopigwa Picha

Pwa. Pwa. Pwa. Jogoo alikuwa bado hajaamka, lakini unga wa maandazi ulikuwa ukipigwa ndani ya beseni kwa Mama Honorine, na majirani wote wa mtaa wa Ngezi wakajua kwamba mji wa Bunia umelala salama. Siku ambazo sauti ile haikusikika, watu waliamka wakitafuta viatu vya kukimbilia.

Kulipopambazuka Mama Honorine alikuwa ameketi chini ya turubai lake, lililoegemea ukuta wa depo ya kahawa ya zamani, ghala lililojengwa na Mgiriki fulani ambaye hakuna tena anayelikumbuka jina lake. Nguzo za mikaratusi, benchi mbili, birika jeusi kwa moshi: hivyo ndivyo vilivyowasomesha wajukuu zake.

Wateja wa kila siku walikuwa watatu. Ézéchiel, dereva wa pikipiki, waliyemwita Cessez-le-feu, yaani Kusitisha Mapigano, kwa kuwa kila Jumatatu aliacha pombe mbele ya mashahidi, na ikifika Jumatano mapigano yameanza upya. Fifi, muuza kabichi zilizotoka Kpandroma, waliyemwita Douane, yaani Forodha, maana andazi la mtu halikupita mbele yake bila kukatwa kipande. Na Michel, fundi wa nguo, waliyemwita Observateur, Mwangalizi: ugomvi wote wa mtaa aliutazama, hakuuamua hata mmoja.

"Mumesikia?" Cessez-le-feu alifika na redio ndogo shingoni. "Banasema leo mupiga-foto atapita Ngezi. Banataka foto ya historia na ya mahali pazuri ya muji. Bataitundika mu biro kubwa ya muji, bageni baone."

"Mahali pazuri ya Ngezi?" Douane alicheka, mkono tayari umo katika sahani ya Observateur. "Ule mutu atalala hapa mwezi muzima, anatafuta tu."

"Kwani? Tuko na ile shimo ya barabara. Bakubwa banabadilika, yeye iko pale. Ile njo historia."

"Na bata banaoga mule. Bapige, baandike: ziwa ya Ngezi."

"Cheka tu."

"Nacheka ju ulibatizwa mule, weye na pikipiki yako!"

"Ilikuwa giza!"

"Ilikuwa Jumatano," Observateur alinong'ona. "Mi niliona."

Mama Honorine alificha tabasamu nyuma ya birika. Alijua pia kwamba kila alfajiri ni huyo Cessez-le-feu aliyemletea dumu la maji, akalitua mlangoni na kuondoka kimya kama mwizi, asije akashukuriwa.

Ndipo akaja Papa Athanase, mkuu wa avenyu, msimamizi wa nyumba zote za barabara ile, amevaa koti la harusi na jua bado changa.

"Mama Honorine, habari ya asubui. Nakuheshimu sana. Ni ju ya hii bâche, hii turubai. Foto itakuwa ya depo, na bâche yako inafunika historia. Mupiga-foto akifika, akute imeng'olewa. Na isirudie tena. Hapa sasa ni site historique, mahali pa historia."

Mama Honorine alimmiminia chai, akazidisha maziwa kama mkuu alivyoyapenda.

"Kunywa kwanza, chef. Unasema isirudie tena? Sasa niende wapi, mutoto yangu?"

"Nafasi iko mingi."

"Nitajie moja."

Athanase alizamisha uso katika kikombe.

"Chai ya site historique iko tamu?" Douane alimuuliza.

"Chef, nielezee," Cessez-le-feu alisimama. "Hii historia ni gani? Mugiriki alikimbia. Kahawa ikakimbia. Siye tukakimbia. Bakatoboa ukuta na risasi. Na juzi weye mwenyewe ulituma batu bapake chokaa juu ya matobo. Weye unafunika historia na chokaa, mama anaifunika na bâche. Sasa nani atafungwa?"

"Bageni habapashwe kuona matobo!"

"Basi wakati ya foto usicheke."

Athanase alifunga mdomo haraka. Meno yake ya mbele yalikuwa yamemwacha siku nyingi.

Hawajamaliza kucheka, Guelord akatokea, kijana mwembamba, mashini ya picha shingoni, vumbi hadi kwenye kope.

"Habari, bazazi. Nimechoka. Kila avenyu batu banakuja kusimama mbele. Kule nilipiga shule ya zamani: shule haionekane, kunaonekana kofia tu. Batu ya biro banataka foto ya nyumba peke yake."

"Nyumba bila mutu?" Douane aliweka kabichi chini. "Ni ya kuuzisha?"

"Ni architecture, mama, namna nyumba ilijengwa."

"Huku kwetu nyumba bila mutu mbele, bageni batauliza: benyewe bamekufa, ao bamekimbia?"

"Fungueni bâche!" Athanase aliamuru. "Wengine bote, ngambo ya barabara!"

Kwa kuwa hakupenda ugomvi, ni Observateur aliyeanza kufungua kamba. Mama Honorine alimtazama kwa uchungu, kisha akaona jambo: kila kamba aliyoifungua upande wa mkuu, aliifunga tena upande wa nyuma. Fundi hakumtazama mtu. Uso wake ulikuwa mkavu kama wa mtu anayepima suruali.

"Bado?" Athanase alifoka.

"Fundo ni ya zamani, chef. Ni historia."

Muda ukaenda. Guelord akasema basi, atapigia pembeni ya turubai, watu waondoke tu, lenyewe ling'olewe baadaye. Athanase akasimamisha pikipiki kwa mikono miwili, akarudisha baiskeli, akafukuza hadi mbuzi. Mama Honorine na wateja wake wakavuka ng'ambo, barabara ikabaki tupu. Ukuta mweupe. Benchi bila mtu. Birika likitoa mvuke peke yake.

Guelord akaweka jicho kwenye mashini.

"Njo vile ilikuwa," Douane alisema kwa sauti ndogo. "Elfu mbili na tatu, mwaka ya vita. Ile asubui tulirudia."

Hata Athanase aliteremsha mikono. Mama Honorine hakuweza kuutazama utupu ule. Aliona pia midomo ya kijana imekauka, na kwamba tangu afike hakuna aliyemuuliza kama amekula. Akavuka barabara hadi kwenye birika, akamimina kikombe, akamwendea Guelord akipita katikati kabisa ya picha.

"Mama! Unaharibu!" Athanase alipiga kelele.

"Siharibu. Napelekea mutoto chai. Foto hainywishe mutu."

Guelord alipokea kikombe kwa mikono miwili, akanywa, akaitazama barabara tena.

"Hii ya bila batu inaniogopesha," alisema. "Na mi nilizaliwa huku. Koko, bibi yangu, rudia kukaa. Mukuje bote."

Hawakungoja kuitwa mara ya pili. Douane na kabichi kichwani, Cessez-le-feu juu ya pikipiki, Observateur kwa mara ya kwanza mbele ya wote. Mbuzi naye akarudi. Na mbele ya mbuzi, Papa Athanase. Alinyoosha koti, na kwa kuwa mkubwa hapigwi picha mikono mitupu, akaikamata nguzo ya turubai kama fimbo ya enzi.

Kacha!

"Safi kabisa," Guelord alisema. "Hii njo itaenda mu biro."

"Vizuri," Athanase alikohoa. "Sasa, Mama Honorine, hii bâche…"

"Bâche gani, chef?" Cessez-le-feu aliuliza kwa upole. "Ile yenye umeshika nguzo yake mbele ya muji muzima? Bageni bakikuja kuuliza iko wapi, utabaonyesha nini? Mukono?"

Athanase aliutazama mkono wake. Akaiachia nguzo. Turubai likayumba, maana kamba moja Observateur alikuwa ameifungua kweli. Mkuu akaikamata tena nguzo kwa mikono yote miwili.

"Usiachilie, chef!" Douane alipiga kelele. "Historia itaanguka!"

Ngezi nzima ikacheka, na Athanase, akisahau meno yake, akacheka pia.

"Observateur," alisema hatimaye, jasho likimtoka, "funga hii kamba. Na uifunge nguvu. Ibaki."

Cessez-le-feu akawasha pikipiki, Douane akakimbilia soko na kipande cha andazi la mtu mdomoni. Guelord alirudisha kikombe. Mama Honorine akachungulia ndani.

"Umenywa nusu, ingine imepoa. Mashini inakusumbua, mutoto yangu. Urudie kututembelea siku ingine. Mashini uiache nyumbani, ukuje na njaa."